Neno la Kuombea Mkate

Nyumbani kwetu hapewi mtu mkate wa kumimina akiwa kimya. Bi Mkubwa, mama yangu mzazi, huupika kila Ijumaa kwa chai ya alasiri, kwa mchele wa kusaga, tui la nazi na iliki, na ukishapoa huukata kwa kisu kile kile alichokuja nacho huku Omani kutoka Unguja. Halafu hukishika kipande kwa vidole, hukiinua juu kidogo, na hungoja. Ukikitaka, useme "nigaie". Wengine husema "nigawie". Sisi tunasema nigaie, na mtoto wa nyumba hii hulijua neno hilo kabla hajalijua jina la babu yake. Kaka yangu ana kitambi, ana wajukuu, amestaafu kazi kubwa, na bado Ijumaa husimama mbele ya mama yake akasema nigaie. Mgeni peke yake ndiye asiyeomba. Mgeni hutolewa sahani ya kabatini, yenye ukingo wa dhahabu, akawekewa na uma, akaambiwa karibu.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu neno hilo limezungumzwa na watu wengi mno ambao mkate wenyewe hawajapata kuuonja, na mie nikiwakumbuka damu hunichemka mpaka leo.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, yuko Marekani anasoma ufamasia. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba Ijumaa, alasiri yetu, ambayo kwao huko ndiyo asubuhi, atatupigia simu ya video akiwa chumba cha chakula chuoni kabla hajaingia darasani. Bi Mkubwa humwinulia kipande mbele ya kamera kama kwamba kitapenya kioo. Binti yangu huku anacheka husema nigaie, na Bi Mkubwa humjibu, "Nikugaie kwa wapi, na weye uko Marekani?" Kisha hukila mwenyewe, taratibu, akimtafunia usoni. Mchezo wa kitoto, lakini mie ndio uliokuwa ukinituliza moyo wiki nzima. Nikishamwona anacheka, najua yuko salama, na naweza kwenda zangu kazini bila kuhangaika.

Ijumaa moja mtandao ulikuwa mbovu. Picha inaganda, sauti inakatika, na Bi Mkubwa sikio lake moja halisikii vizuri. "Unasemaje?" anauliza. "Sikusikii!" Mtoto wa watu akasimama pale alipo, akapaza sauti, kicheko kimemshika, maneno yanamkatikia mdomoni. "Bibi! Niga... niga... nigaie!" Tukacheka sote. Bi Mkubwa akala kipande chake, tukaagana, mie nikaosha vikombe.

Jumapili asubuhi nilikuwa ofisini Ruwi, hapa Maskati. Mwenzangu wa meza ya pili ni mama wa Kikenya, mhasibu, mtu wa kanisani sana na wa maneno machache. Akaniita kwa mkono. "Madam, kuja uone kitu. Huyu si ni msichana wako?"

Alikuwa msichana wangu. Amesimama na simu mkononi, nuru ya dirisha kubwa imempiga usoni na kwenye mtandio mpaka amekuwa mweupe kama bibi harusi aliyepakwa poda. Nyuma yake wanapita wanafunzi weusi watatu wanne, wamebeba sinia zao za chakula. Anapaza sauti, anacheka, "Niga! Niga!" na picha inakatika hapo hapo. Ile "ie" haimo. Bi Mkubwa hayumo, wala mkate. Mwanafunzi wa meza ya jirani huko chuoni alikuwa akipiga video ya mambo yake, akanasa na haya, akakata alipopenda kukata. Juu yake ameandika kwamba mwanafunzi wa Kiarabu anawatukana watu weusi wakati wa chai ya asubuhi, na anacheka.

Kwa asiyejua, Wamarekani wana neno moja la kuwatukania watu weusi, baya kuliko matusi yao yote. Hata magazetini huandika herufi yake ya kwanza tu. Wana sababu yao, na sababu hiyo ni kubwa, sina ugomvi nayo. Ila neno hilo huanza kwa sauti ile ile tunayoombea mkate.

Mwenzangu akaniuliza alikuwa anasema nini hasa. Nikamwambia, nigaie. "Nigawie!" akasema, akaangua kicheko, na mie nikacheka naye, kwa kuwa niliona jambo lenyewe limekwisha hapo, mtu yeyote wa Kiswahili ataeleza na mambo yatakwisha. Kisha akateremsha kidole kwenye simu, tukasoma walioandika chini, na kicheko kikatukauka. Walikuwa wakiuliza anaishi jengo gani. Walikuwa wakiuliza anatoka darasani wakati gani. Palikuwa na Wakenya wengi humo wanapiga mizaha, kila mmoja anajaribu kuwaeleza Wamarekani, lakini hakuna aliyekuwa akiwasoma isipokuwa wao wenyewe kwa wenyewe.

Nilipokuwa narudi kwenye kiti changu, mwenzangu akasema kwa sauti ya chini, "Nikuulize na usikasirike. Kwenu nyumbani, watu kama mimi mnatuitaje?" Nikamjibu kwamba tunawaita Wakenya. Ni kweli, tunawaita hivyo. Ila wapo wazee kwetu wenye maneno mengine, na mwenzangu huyo amekaa Maskati miaka mingi ya kutosha kuyasikia. Akatikisa kichwa, akageukia kompyuta yake.

Nikaenda msalani nikampigia binti yangu. Kwao ilikuwa bado kiza, lakini alipokea kwa mlio wa kwanza. Alikuwa anajua tangu jana yake, kumbe, akanificha. Chuo kimemwita. Kuna kamati itakaa kusikiliza maneno yake, na wakiona ana kosa watamsimamisha masomo. Akisimamishwa masomo viza yake inaanguka, na viza ikianguka anarudi nyumbani bila shahada, na picha yake imebaki duniani akicheka vile. Alinieleza pole pole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa. Mmoja katika wale waliokuwa wakipita nyuma yake ni msichana anayefanya naye kazi ya maabara kila wiki. Alimkimbilia akamweleza. Yule msichana akamwambia anamwamini, lakini asimtake yeye akawaeleze watu wengine, kwa sababu amechoka kuwa mweleza watu.

"Mama," akaniambia, "mkinipigia sasa msiseme Kiswahili."

"Tuseme nini? Kiarabu?"

"Kiarabu pia hapana. Watu wananitazama nikisema Kiarabu."

"Basi tuseme nini?"

"Kiingereza."

"Na bibi yako?"

Bi Mkubwa Kiingereza chake ni "gudi moningi" na "tenki yu", na zote mbili huzisema kwa kejeli.

Tangu hapo nikawa mtu wa simu. Nilikuwa naitazama kwenye foleni ya magari, naitazama jikoni, naitazama mpaka vidole vinauma. Nikipita barabara ya baharini Matrah, watalii wanapiga picha zao pale, mie nainamisha uso kama mwizi, kwani kila aliyeinua simu naona ananichukua mimi. Nyumbani nilimwambia Bi Mkubwa kuwa mtoto ana mitihani. Presha yake ni ya kupanda kwa habari ndogo tu, na hii haikuwa ndogo. Ijumaa ilipofika simu haikulia. Bi Mkubwa alikishika kipande chake, akakitazama, akasema, "Mitihani gani isiyoruhusu mtu kumwona bibi yake?" Nikamwambia ya kizungu. Akanitazama kwa jicho lile la kujua kuwa nnadanganya, akakila kipande.

Sasa lazima nimlete kaka yangu, kwani bila yeye hadithi hii haiendi. Kaka yangu alisoma Marekani ujanani, miaka michache tu, na tangu astaafu amerudi kuishi huko kwa njia ya televisheni. Anakaa katika kiti chake pale sebuleni kwake Al-Khuwair, mtaa wa hapa hapa Maskati, na kituo kimoja cha habari cha Marekani kinanguruma tangu asubuhi. Ana chama chake. Chama hicho kikishinda uchaguzi husema "tumewapiga", kikishindwa husema "wametuibia", na mkewe humwuliza yeye kura yake aliipigia wapi, Al-Khuwair au Al-Ghubra. Ana pia mtangazaji wake, bwana mmoja wa sauti nzito na tai pana, ambaye kwake yeye ndiye msema kweli peke yake aliyebaki duniani. Bwana huyo kazi yake ni kuwaambia watu kwamba weusi wa Marekani wanalalamika mno. Kaka yangu hukubali kwa kichwa. Nimepata kumwuliza yeye anadhani bwana yule akimwona yeye barabarani atamwita nani. Akasema nisiwe mjinga, yeye ni Mwarabu.

Siku ya pili baada ya ile Jumapili, akanipigia kazini na furaha tele. "Tumetetewa!" Mtangazaji wake amemtoa binti yangu kwenye kipindi. Amesema kwamba hii ndiyo nchi sasa, mtoto wa kigeni anakuja kusoma, anasema neno moja, kundi la watu wenye hasira linataka kumla mzima. Amesema binti yangu ni mhanga. Kaka alikuwa ameirekodi, akaniwekea niisikilize kwenye simu.

Nilifurahi, siwezi kukana. Nilifurahi kwa muda wa kutoka Ruwi mpaka nyumbani. Halafu binti yangu akapiga, analia kwa hasira. Mama, akasema, huyu anayenitetea anasema nilitukana na nilikuwa na haki ya kutukana. Hakusema hata mara moja kwamba sikutukana. Waliokuwa bado wakimsalimia chuoni wameacha. Watu asiowajua wanamwandikia kumpongeza, wanamwambia shujaa, na pongezi zao zimejaa neno lile lile, halikukatwa, limeandikwa lote. Akaniomba nimwambie mjomba wake asifurahi. Basi nikamwambia. Kaka yangu akasema mtoto hajui siasa za huko.

Haukupita muda mtu akachimbua picha nyingine. Binti yangu katika sherehe ya wanafunzi wa Afrika mwaka uliotangulia, amejifunga kanga ya Bi Mkubwa, amesimama kwenye jua la kawaida, dirisha halimo. Humo anaonekana alivyo. Amechukua rangi ya bibi yake, nyeusi ya kung'ara, ile ambayo Bi Mkubwa mwenyewe huisifu akiwa kajipaka mafuta. Ghafla watu wakabadilishana viti. Waliokuwa wakimwita Mwarabu mbaguzi wakaanza kuulizana kama mtu mweusi anaweza kumtukana mweusi mwenziwe. Wengine wakasema amejipaka rangi. Na mtangazaji wa kaka yangu akairusha picha ile pale juu ya bega lake, kubwa, na kanga yetu ikionekana mpaka maandishi, akauliza hawa ni kina nani tunaowapa viza. Kwa sauti ile ile nzito.

Nilikuwepo sebuleni. Kaka yangu alikuwa na kikombe mkononi. Alisema, "Hajaelezwa vizuri huyu." Akasema tena, "Watamweleza." Halafu akaitafuta rimoti chini ya mto, akaondoa sauti, na tukabaki tunamwangalia yule bwana anafungua na kufumba mdomo na uso wa mwanangu begani mwake. Siku zilizofuata nilimkuta kaka akitazama mpira.

Kwangu mie hofu ikaongezeka, kwa sababu mwanzo nilikuwa namwogopa adui wa upande mmoja. Sasa sikujua tena nimwogope nani. Bi Mkubwa alipokuwa msichana Unguja aliambiwa ni Mwarabu na arudi kwao. Alipofika huku kwao akaambiwa ni Mzanzibari, akachekwa Kiarabu chake sokoni Matrah mpaka akawa ananunua samaki kwa kuonyesha kidole. Alistahamili, akazaa, akazika, akapata nyumba yake na siku yake ya Ijumaa. Nilikuwa nikidhani mambo hayo yameishia kwake. Nilidhani binti yangu atakuwa mtu tu, na dawa zake na koti lake jeupe.

Akanipigia siku chache kabla ya kamati kukaa. Ilikuwa asubuhi kwangu, nnavaa viatu vya kazini. Alizungumza Kiingereza mwanzo, kisha akajifungia mahali, nikasikia mlango, akarudi kwenye Kiswahili kwa kunong'ona. Rafiki mmoja amemshauri kwamba njia nyepesi ni kuwaambia wale watu yeye ni mweusi, mtu wa Afrika, na basi. Mwingine amemwambia hapana, shika Uarabu, lau sivyo utaonekana unageuka.

"Mama, niseme mie ni nani?"

Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni. "Sema we ni mtoto wangu," nikamwambia.

"Mama, hilo si jibu."

Na kweli halikuwa jibu. Nikavaa kiatu cha pili, nikakivua, nikakivaa tena, mpaka mwenyewe akasema haidhuru, kwao ni usiku, anakwenda kulala.

Tatizo jingine lilikuwa la Kiswahili chenyewe. Kamati ilimtafuta mtu wa kuwafasiria, ikampata bwana mmoja anayefundisha Kiswahili mji mwingine. Bwana wa watu, muungwana, akasema kweli yake. "Nigawie" anaijua. "Nigaie" hajaisikia, inawezekana ipo, hawezi kuapa. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kupanda ndege nimfuate. Watu wa Unguja wote wanasema nigaie, wakubwa kwa wadogo, na mwanangu anataka kufukuzwa chuo kwa kuwa mtu mmoja hakufika visiwani! Binti yangu akaniomba kitu kimoja. Nimpige video Bi Mkubwa akigawa mkate, watu wanasema nigaie kama kawaida, ili kamati ione kwamba neno lipo na lina kazi yake. Kamati tu ndiyo itakayoiona, akaniahidi.

Nikafikiri sana. Kumwambia Bi Mkubwa ni kumwambia yote. Kutomwambia ni kumwiba. Na nilikuwa nimeshaona jinsi picha ya binti yangu ilivyotembea. Nikamwona mama yangu naye yuko juu ya bega la yule bwana wa tai pana, anaulizwa ni nani. Mwisho nikaamua nitampiga bila ya kumwambia, lakini uso wake sitauchukua. Mikono tu.

Ijumaa ile nilikaa upande wake, simu nimeiegemeza kwenye birika la chai. Kaka yangu alikuwa akijua. Alikuja akasimama mbele ya Bi Mkubwa amenyooka kama askari, akasema, "Nigaie na mie, mama," wazi wazi, neno zima mpaka mwisho wake, na sauti ikamkwama. Bi Mkubwa akamwuliza ana mafua? Mkewe akasema nigaie. Nami nikasema nigaie. Katika video inaonekana mikono ya mama yangu, myeusi, mishipa imesimama, hina imebakia kwenye kucha, inakata, inainua, inangoja, inatoa. Niliitazama tena na tena kabla sijaituma. Nilikuwa na hakika kwamba yeyote atakayeiona ataelewa.

Kamati ilikaa Jumanne mchana wao, usiku wetu, na majibu wakaahidi kuyatoa kesho yake. Jumatano ofisini sikufanya kitu. Mwenzangu wa Kenya aliona, akaniletea chai, akakaa kidogo kwenye kiti cha wateja, akaniambia kanisani kwao wamemwombea mtoto, kama sichukii. Sikuchukia. Niliishika mikono yake, mie ambaye hata harusini mkono wa salamu huutoa nusu.

Binti yangu akapiga tulipokuwa tunafunga kazi. Nikatoka nje, kwenye kelele za magari na joto linalotoka kwenye lami, nikaziba sikio moja.

"Wamenisamehe," akasema. Akajisahihisha. "Wamesema sina kosa."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Nikamwambia leo alale, ale, apumzike. Yeye hakuonekana kuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Nikamwuliza video je, waliielewa? Akasema ndiyo, video ndiyo iliyosaidia. Nikamwuliza basi kuna nini.

"Walikuwa na swali moja," akasema. "Mzee mmoja kwenye kamati, mtu mpole kabisa. Aliuliza huyu mwenye mikono ni mtumishi wenu?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni bibi yangu. Akasema samahani. Wakaandika."

Nilisimama pale Ruwi mpaka mabasi mawili yakapita. Nimeikata mwenyewe video ile. Mie ndiye niliyeuondoa uso wa mama yangu ili wasimchukue, nao wakaiona mikono yake wakampa kazi ya utumishi. Nilikuwa na hasira, nikataka kumpigia mtu nimtukane, na sikuwa na wa kumpigia. Nyumbani nilimkuta Bi Mkubwa anapanga vikombe. Nikambusu mikono yote miwili. Akaniuliza nimefanya makosa gani.

Hatukumwambia. Simu za Ijumaa zilirudi, lakini si zile. Binti yangu alikuwa akipiga kutoka chumbani kwake, mlango umefungwa, sauti ya chini, na Bi Mkubwa akilalamika hasikii. Kipande kikiinuliwa, mtoto huonyesha moyo kwa vidole, hutuma busu, hupunga mkono. Bi Mkubwa hukila upesi upesi, bila mchezo. Siku moja aliniuliza kama mtoto anaumwa koo.

Kiangazi alikuja likizo. Amebakiwa na mwaka mmoja, na wote tunajua kwamba kutoka ni rahisi, kurudi ndiko kwenye hofu. Watu wa uwanja wa ndege wa huko wana simu nao, na picha ile haijafutika. Hatukulizungumza hilo. Amekonda. Ana tabia mpya ya kutazama nyuma yake kabla ya kusema kitu, hata ndani ya gari langu.

Ijumaa ya kwanza Bi Mkubwa alipika mkate mkubwa kupita kawaida. Aliamka alfajiri kukuna nazi, na hakutaka ya kopo. Alasiri tukakaa sote, kaka yangu na mkewe, mie, na binti yangu karibu na bibi yake, mtandio umemwangukia mabegani. Harufu ya iliki imejaa nyumba nzima. Bi Mkubwa akakata kipande cha katikati, kile kilaini, akakishika kwa vidole, akakiinua mbele ya uso wa mjukuu wake. Hapana simu tena, hapana kioo. Akatabasamu na meno yake machache, akangoja.

Binti yangu alifungua mdomo. Nikayaona macho yake yanakwenda mezani, kwenye simu ya mjomba wake, kwenye simu yangu, kwenye simu yake. Akanyoosha mkono akazigeuza, moja baada ya moja, uso chini. Kisha akatazama dirisha. Kaka yangu aliinamisha kichwa kwenye kikombe chake. Bi Mkubwa bado amekiinua kipande.

"Naomba kipande, Bibi," binti yangu akasema. Kwa adabu, kwa sauti nzuri, kama wasemavyo watu kwenye nyumba za watu.

Bi Mkubwa alimtazama kwa muda. Sijui alielewa nini. Nimeshajiuliza mara nyingi na sijathubutu kumwuliza yeye. Akakirudisha kipande kwenye sinia. Akainuka kwa kujishika magoti, akaenda kabatini, akatoa sahani yenye ukingo wa dhahabu, akaifuta kwa ncha ya kanga yake. Akakiweka kipande juu yake, akaweka na uma pembeni, akaileta kwa mikono miwili.

"Karibu," akamwambia.

Binti yangu akaushika uma, akala.